Nilivyoacha Benki Malindi Nikaishi kwa Mabuyu

Wanaoniuliza habari za kuacha benki huanza na barua. Meneja alisema nini? Ulitetemeka? Mama alilia? Barua niliiandika kabla chai haijapoa, na haina hadithi. Hadithi ni ya mkopo, na huo ndio mzigo ambao wanaohimiza watu waache kazi hawautaji kabisa. Nimewasikia wengi. Mmoja aliletwa ukumbini kutuhutubia, akasema anayesubiri kujipanga hataondoka milele. Binamu yangu naye akanishika mkono harusini: "Dada, wacha tu, riziki anatoa Mungu." Riziki anatoa Mungu, sina shaka na hilo. Lakini makato ya benki hutoka tarehe ileile kila mwezi, na mtu mwenye mama na nyumba hawezi kujifanya haijui tarehe hiyo.

Nieleze basi, maana nimeyaona kutoka ndani. Mfanyakazi wa benki hukopeshwa kwa riba ya chini kuliko mteja wa kaunta. Siku unayoacha kazi nafuu hiyo inakwisha: deni lililobaki huhamishiwa riba ya wateja wa kawaida. Kwa hiyo mwezi uleule mshahara unapokatika ndio mwezi malipo yanapopanda. Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza nikimweleza mwenzetu aliyeacha kazi kwa hasira kiasi kipya atakacholipa. Alichukua kalamu, akaandika ile namba kiganjani, akaitazama muda mrefu bila kusema neno. Tangu siku ile nilijua sitaondoka nikiwa nadaiwa.

Mkopo wangu ulikuwa wa paa la nyumba ya mama kule Maweni, kiwanja kidogo njia ya Ganda, na gari. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, na mimi nilikuwa nimefika ukingoni. Mkononi ilinifikia theluthi na kidogo. Wenzangu waliona hiyo ni dhiki. Mimi niliifanyia hesabu. Kama nimeshajua kula, kuvaa na kusaidia nyumbani kwa theluthi moja, basi biashara yangu haina haja ya kunilipa kama benki. Inipe theluthi ile tu, mradi deni limekwisha. Hesabu hiyo iliniondolea hofu kuliko nasaha zote nilizopewa. Nikauza gari, nikapanda tuktuk, pesa yote nikaitia kwenye mkopo, na bonasi zikaenda hukohuko. Deni lilipokwisha niliomba barua yenye muhuri kwamba sidaiwi, nikampelekea mama. Mama hakuwahi kuipenda riba. Aliisoma, akairudia, akaitia kwenye kasha la hati za nyumba na kufuli akafunga mwenyewe.

Deni likiisha usibadilishe maisha. Wengi hapo ndipo hukopa tena, gari jipya, simu mpya. Niliendelea na theluthi yangu, kilichobaki nikakiweka akaunti isiyo na kadi.

Kwa nini mabuyu, hizi peremende za mbegu za ubuyu? Shangazi yangu wa Shela, Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu, ameyapika tangu nikiwa mtoto, na malighafi iko nyuma yetu. Ukitoka mjini kuelekea bara, Langobaya na kwingineko, mibuyu imesimama kila upande, na ukame unaoua mahindi hauiui. Nilipewa ushauri nifungue duka la vinyago na vikoi vya kuuzia wageni, kwa kuwa mabuyu ni biashara ya watoto. Ni ya watoto, kweli. Na watoto tuko nao Januari hadi Desemba.

Kanuni za benki zilitaka mfanyakazi mwenye biashara ya pembeni aieleze kwa maandishi. Nilieleza, nikakubaliwa. Usifiche, utakuja kuondolewa siku usiyoipanga.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Wenzangu huigawa vipande, au huitaka Desemba. Mimi niliiomba yote kwa mpigo, mwezi wa Mei. Anayeijua Malindi anajua Mei ni mwezi gani. Kusi imeshika, mvua ya masika inamwagika, bahari imechafuka, watalii wa Kiitaliano wamerudi kwao, hoteli nyingi zimefunga na madereva wa tuktuk wamelala ndani ya tuktuk zao. Meneja aliishika fomu akauliza, "Mei? Unakwenda wapi Mei?" Nikamwambia nina kazi nyumbani.

Kila aliyenishauri alitaka nianze Desemba, mji ukiwa umejaa. Sikukubali. Desemba karibu kila kitu kinauzika Malindi, na ukiuza vizuri hujui ni mkono wako au ni msimu. Nilitaka kuiona biashara yangu katika mwezi mbaya kuliko yote, mshahara ungali unaingia. Ikifa Mei, ife nikiwa na kazi. Nikajiwekea sharti kwamba likizo nzima sitagusa mshahara: chakula, umeme, nauli, hata sadaka ya Ijumaa, vyote vitoke kwenye mabuyu. Kadi nikampa mama, naye si mtu wa kubembelezwa.

Mei ikanijibu kwa mvua. Mabuyu huonekana rahisi. Sukari na maji yanachemka mpaka yawe shira, unatia rangi, iliki, chumvi kidogo, pilipili kwa wanaoipenda, kisha unamimina mbegu za ubuyu na kukoroga mpaka shira ishikane na ule unga mweupe uliozizunguka, zikauke. Kiangazi hayana shida. Masika hewa yenyewe ni maji. Nilikuwa nikiyatoa sufuriani makavu, yanagongana kama kokoto, alasiri yanaanza kutoa jasho, na asubuhi mkebe mzima ni bonge moja jekundu. Jirani akaniambia niyapake unga wa ngano. Nikapaka, yakaacha ladha ya unga mbichi mdomoni na jasho halikukoma. Mwingine akasema yatiwe kwenye friji. Humo yalikauka vizuri sana, ila yakitolewa nje tu yanaloa kuliko mwanzo, maana kitu cha baridi hukusanya maji ya hewani. Ushauri huo ulinimalizia sukari nyingi.

Nikamwita shangazi. Alikuja na mwiko wake, akakaa kwenye kigoda, akanitazama nikipika bila kuingilia. Nilipotaka kumimina mbegu akanizuia mkono. "Hii shira yako ni ya Januari, mwanangu."

Akanirudishia sufuria motoni. Akaniambia masika shira iendelee kuchemka mpaka povu lipungue na mapovu yawe mazito, makubwa, yanapasuka polepole. Akadondosha tone kwenye kisahani, akaliacha lipoe kidogo, akalibana kwa vidole viwili: vikiachana lazima uonekane uzi. Hakuna uzi, hakuna mabuyu. Akanipunguzia mbegu pia, karibu nusu, kwa sababu zikijaa sufuria zile za chini zinakunywa shira na za juu zinabaki na unga mtupu. Kisha sufuria ikaepuliwa na kukoroga kukaanza kwa kweli, bila kupumzika, mpaka ule mng'ao wa sukari ukaondoka na rangi ikafifia. Watu huniambia, hata leo, kwamba mabuyu yanayong'aa ni mazuri. Mabuyu yanayong'aa masika yatakulilia kabla ya magharibi.

Nami nikaongeza yangu. Moto wa makaa ukishatulia na kubaki majivu ya moto, naweka juu yake sinia pana lenye mabuyu, nikiyageuza. Nafungasha baina ya adhuhuri na alasiri tu, hewa ikiwa na unyevu mdogo, na baada ya kupoa kabisa. Ukifungasha ya moto mvuke unabaki ndani. Yasiyowahi kufungwa yanaingia kwenye debe lenye kifuniko cha kubana, na ndani yake kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu. Mchele unaukaanga upya kila baada ya siku chache. Bonge jekundu sikuliona tena.

Vifungashio ni gharama, lazima niseme. Zile nailoni nyembamba za utotoni mwetu zilizimwa Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Natumia vikebe vya plastiki vyenye kifuniko, na bei ya kikebe wakati mwingine inakaribia ya mabuyu yaliyomo. Nunua kwa maboksi, Mombasa, ugawane na mwenzako.

Wateja wa Mei walikuwa wenye vibanda karibu na shule na vyuo vya Kurani, na watu wetu walioko Nairobi. Hawa wa Nairobi ndio walioibeba likizo yangu. Mtu aliyekulia Malindi, kule kwenye baridi, akipata kikebe cha mabuyu na achari ya embe hajadili bei. Kifurushi kinapanda basi la usiku, anakipokea asubuhi. Likizo ilipokwisha mabuyu yalikuwa yametulisha wote. Theluthi yangu haikutimia, ila ilikaribia, na kwa mwezi wa Mei hiyo ilinitosha, kwa sababu miezi mingine yote ni bora kuliko huo. Nikarudi kazini nikiwa nimeshaamua.

Mengine yalikwenda haraka. Notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Siku za likizo zilizobaki zikalipwa. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Jina la biashara nilisajili eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leseni nikachukua serikali ya kaunti, na vyeti vya afya kwa mimi na msichana anayenisaidia, maana washika chakula hupimwa kila miezi sita. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilichukua muda na pesa zaidi, lakini bila hiyo hakuna duka kubwa litakalokupokea. Ukiitoa KEBS, yote hayo hayakufika nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Kodi jifunze mapema. Mauzo yakipita shilingi milioni moja kwa mwaka, na yakiwa hayajazidi milioni 25, unalipa asilimia 3 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni asilimia 3 ya mauzo, wala si ya faida, kwa hiyo iingize kwenye bei tangu siku ya kwanza. Bima ya afya ya SHA, mamlaka ya serikali ya afya ya jamii, kwa aliyejiajiri hukadiriwa asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Nailipa Januari, pesa za msimu zikiwa bado zipo.

Kuhusu muda, ukweli ni kwamba nafanya kazi saa nyingi kuliko benki. Lakini adhuhuri ikiadhiniwa nazima jiko nikaswali kwa wakati wake, na hakuna anayenipigia simu kuuliza nimefungua akaunti ngapi wiki hii. Kwa hilo pekee namshukuru Mungu kila siku.

Kishawishi kilichobaki ni mali kauli. Wenye maduka wote wanataka uwaachie, walipe wakishauza. Nimetoka kwenye deni langu, sikutaka kuingia kwenye deni la kudai watu. Mzee mmoja wa karibu na soko aliniambia, "Binti yangu, hapa kila mtu analeta mali kauli." Nikamwambia, "Mzee wangu, nunua vikebe vichache tu, unilipe leo. Kitakachokaa mwezi bila kuuzika nitakubadilishia kipya." Akafikiri, akafungua droo. Hasara ya kikebe kilichochacha ni yangu na naibeba, ila pesa inaingia siku ileile na ndiyo inayonunua sukari ya kesho. Sasa karibu maduka yangu yote ni kwa masharti hayo, na vikebe vinavyorudi ni vichache mno.

Duka kubwa moja limenifuata likitaka mzigo wa kila wiki na kulipa baada ya miezi miwili. Oda ni nzuri na sijaikataa. Nimewaomba wasubiri. Natenga pesa kila Ijumaa, na zikifika kiasi cha kununua sukari, mbegu na vikebe kwa miezi miwili bila kungoja hundi yao, nitatia saini.