Udi na mkate wa kila siku

Kwa miaka minne nimekula kwa udi, ile ala ya muziki. Nyuzi 11, jozi tano na besi moja, zimenilipia kodi ya nyumba hapa Mji Mkongwe. Namshukuru Mungu, wala si jambo dogo.

Lakini niseme ukweli wangu. Nilijifunza barazani kwa babu yangu, baada ya Isha. Tulikuwa tunaweza kukaa kwenye maqamu moja, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, usiku mzima, hasa Bayati, ile yenye sauti usiyoipata kwenye kinanda cha kawaida. Alikuwa akisema, "Usikimbie, mwanangu, isikilize inakwenda wapi."

Hotelini ninakopiga hakuna nafasi ya kusikiliza. Ni nyimbo zilezile, jioni sita kwa wiki, watu wakila. Siwalaumu, wamekuja kupumzika. Ila mwezi wa Ramadhani kazi iliposimama, udi ulikaa wiki mbili ndani ya mfuko wake na sikuukumbuka. Hilo lilinitisha mno, nikalia.

Basi nimeamua. Asubuhi nitamsaidia kaka dukani kwake, anauza saruji na mabati. Hotelini nimebakisha Alhamisi na Jumamosi tu. Kipato kitapungua, mke wangu anajua, tumepiga hesabu pamoja mpaka usiku mkubwa.

Jana nimerudi barazani. Babu hayupo tena, mahali pake amekaa mwanangu wa miaka saba, risha ya kupigia udi mkononi, ananiuliza mbona nasimama kila baada ya sauti mbili.