Bango limekubaliwa, nauli sina: nilivyofika Kigali

Barua pepe ilinikuta nimekaa kwenye ngazi za maabara, Ifakara, nasubiri umeme urudi. Kazi yangu ilikuwa imekubaliwa kama bango, yaani matokeo ya utafiti unayoyatundika na kuwaeleza wanaopita, kwenye mkutano wa nane wa malaria wa Afrika nzima, ule wa MIM (mpango wa kimataifa wa malaria), Kigali, Aprili 2024. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikasoma aya ya pili: ada, nauli na malazi ni juu ya mshiriki. Nikanyamaza.

Posho yangu ya uzamili wakati ule ilikuwa laki nne kwa mwezi, ikichelewa mara nyingi kuliko ilivyowahi. Tiketi ya ndege Dar hadi Kigali kwenda na kurudi ilikaribia milioni. Nilipiga mpaka hesabu ya basi: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kisha mpaka wa Rusumo, tena katikati ya masika. Na mkutano wenyewe hauji kila mwaka. Uliotangulia ulikuwa Dakar, 2018. Nikiukosa huu, unaofuata utanikuta nimeshamaliza shule zamani.

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana hata kufika kwenye hiyo barua kulinichukua muda.

Mara ya kwanza kuomba kitu cha namna hii nilishindwa kwa sababu ya saa. Ilikuwa kozi ya wiki mbili iliyoandaliwa Bangkok, mwisho wa maombi 23:59. Nikajiambia hiyo ni karibu saa sita usiku, nina muda. Saa tatu usiku nafungua fomu, imefungwa. Bangkok wako mbele yetu kwa saa nne. Kwangu mwisho ulikuwa kabla ya saa mbili usiku. Hakuna wa kumlaumu. Tangu hapo kila tangazo ninalolipata nalibadilisha kwanza kuwa saa ya Kiswahili, naliandika kwenye kalenda ya ukutani, na natuma siku mbili kabla. Sisi tuliokulia na saa zinazoanza alfajiri tuna hesabu mbili za kukosea, siyo moja.

Kisha ikaja ikisiri, ule muhtasari wa kazi unaoutuma ili mkutano ukukubali. Ya kwanza ilianza na "Malaria bado ni tatizo kubwa Afrika." Msimamizi wangu akaikata kwa kalamu nyekundu. "Mwanangu, hao wote wanaokwenda Kigali, nani hajui hilo? Niambie umeona nini jikoni."

Jikoni ndiko kulikokuwa na kazi yangu. Katika bonde la Kilombero mbu aina ya Anopheles funestus ndiye anayeambukiza watu malaria zaidi, ingawa mara nyingi mbu wa aina nyingine, Anopheles arabiensis, wanamzidi kwa idadi, na vyandarua vyenye dawa ya pairethroidi havimtishi kama zamani. Mimi nilikuwa naangalia mbu wanaowang'ata akina mama kwenye majiko ya nje, jioni, kabla mtu hajafikiria kuingia kwenye chandarua. Nilitega mitego ya taa kwenye kaya 24, nikalala vijijini, nikanywa chai nyingi kuliko nilivyohitaji. Nilikuwa na mambo tele ya kusema ila nilitaka kuyasema yote kwa maneno mia tatu. Tuliandika ikisiri ile mara saba. Ya saba ilianza na nilichokiona, ikafuata namna nilivyokiona, kisha sentensi moja tu ya kwa nini mtu wa Msumbiji au Ghana ajali.

Sasa fedha. Nilipata mfuko mmoja unaosaidia wanafunzi kusafiri, nikaomba, nikapewa. Furaha yangu ilidumu mpaka niliposoma masharti: jilipie kila kitu, leta risiti na kipande cha tiketi ya kupandia ndege, utarudishiwa ndani ya siku sitini. Huo si ufadhili, ni mkopo ambao mimi ndiye mkopeshaji. Wenzangu wawili niliowajua walishawahi kuachia nafasi kama hizo kimyakimya, kwa aibu ya kusema hawana. Mimi nusura nifanye hivyohivyo.

Msimamizi akaniuliza swali moja: "Umewauliza?" Sikuwa nimewauliza. Tumelelewa kwamba ukipewa hushiki kipimo. Nikaandika mistari minne. Nikashukuru, nikataja posho yangu kwa tarakimu, nikauliza kama wanaweza kukata tiketi wao wenyewe na kuilipa hoteli moja kwa moja. Bila kulia shida, bila historia ya familia. Siku ya tatu wakajibu: tiketi sawa, hoteli sawa, chakula hapana. Ada ililipwa na mradi wa msimamizi. Chakula nilikibeba kwa laki moja na nusu aliyonitumia kaka yangu kwa simu. Viza haikuhitajika, Rwanda ni Jumuiya. Pasi ya kusafiria ilitosha.

Bango nilichapisha kwenye kitambaa badala ya karatasi. Linakunjwa kama kanga, linaingia kwenye begi la mgongoni, na ukifika unalinyoosha kwa pasi ya hoteli. Nilimwona mtu akizunguka na bomba refu la karatasi kila mahali, nikamwonea huruma.

Kigali ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. Ulikuwa mwezi wa kumbukumbu, miaka 30 tangu mauaji ya kimbari, na jioni moja nilipanda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji hayo, peke yangu. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Mkutanoni watu walizungumzia sana R561H, badiliko la jeni la vimelea vya malaria linalopunguza nguvu ya dawa ya artemisinini, ambalo Rwanda wenyewe wamelikuta na Kagera kwetu limeonekana. Nilikuwa nimelisoma kwenye makala. Kukaa meza moja ya chai na wanaolifuatilia ni kitu kingine kabisa.

Bangoni kwangu saa ya kwanza hakuja mtu. Nilisoma bango langu mwenyewe mara tatu. Kisha akaja mama mmoja kutoka Burkina Faso, akauliza swali ambalo sikulitegemea: miguu ya mbu umeitunza? Nilikuwa nimeitunza, kwenye mirija yenye chembe za silika za kukaushia, kwa sababu tu fundi wetu wa maabara ana tabia ya kutotupa kitu. Yeye alitaka aipate ili aangalie jeni za usugu wa mbu kwa dawa.

Wanaoniuliza waanzie wapi siwaambii Kigali. Wengine waanze na kisichohitaji ndege: kozi kama ile ya bioinformatiki (kuchambua data za jeni kwa kompyuta) ya mtandao wa H3ABioNet, niliyoisoma bila kulipa senti, darasani na wenzangu, tukifuatana na madarasa ya nchi nyingine za Afrika. Mikutano ya PAMCA ya wadhibiti mbu iko barani hapahapa. Anayetaka udaktari wa falsafa kwenye wadudu aangalie ARPPIS, programu ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, inayofundisha tangu 1983. Mkutano wa ASTMH, chama cha tiba ya magonjwa ya tropiki cha Marekani, ni mzuri, lakini hesabu miezi ya viza kabla ya kuhesabu kitu kingine.

Kuhusu ile miguu ya mbu: sampuli haitoki nchini kwa mfukoni. Unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, saini za pande zote mbili, na subira. Tumejaza fomu, zikarudi na maswali, tumejibu. Mirija ipo kwenye friji, ina namba, na kila Jumatatu fundi ananiuliza kama aitoe apate nafasi ya kuweka vitu vingine.