Anayekaa na mizigo

Tangu tulipotoka Kuusijärvi, ziwa la kuogelea hapa kwetu Ufini, Jumatano jioni, kuna maneno ya Mkubwa, mwanangu wa kwanza, ambayo yameniganda, na kila nyumba ikitulia yanarudi kama yalivyosemwa. Alikuwa ameketi kwenye gati la mbao pamoja na yule rafiki yake wa darasani, miguu yao ikining'inia majini, nami nikiwa kwenye nyasi hatua chache nyuma yao. Rafiki akamwuliza kwa Kifini kama mama yake haogelei. Mwanangu akajibu bila hata kugeuka: "Mama? Hapana, mama hukaa na mizigo." Kisha wakajitupa majini.

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amekusudia kunikejeli, ningemkemea palepale na yangeishia hapo. Alitaja jambo analolijua, kwa sauti ileile ambayo angemwelekeza mgeni kituo cha basi. Angeweza kusema kwamba mama amechoka, au kwamba mama haiwezi baridi ya yale maji, na yote mawili yangekuwa kweli. Lakini kwake yeye baba ni mtu wa kuogelea, mdogo wake ni mtu wa kurusha maji, na mimi ni mtu wa taulo, kandambili, funguo, simu za watu wote, dawa ya mbu na kopo la maandazi.

Wiki hii Baba watoto amepata mkataba wa kudumu kazini baada ya subira ndefu, na mdogo wangu ameolewa Mwanza sisi tukimshangilia kupitia simu, na nimeyafurahia yote mawili kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, nikiweka kichwa kwenye mto, ninachokisikia ni maneno ya gatini. Nilipomweleza Baba watoto, aliniambia, "Mke wangu, mtoto amesema kweli, sasa kosa liko wapi?" Sikumjibu, kwa sababu kosa kweli halipo. Lipo jambo jingine ambalo mtoto hana namna ya kulijua.

Mimi nimezaliwa Kirumba, Mwanza, si mbali na mwalo wa samaki, na Ziwa Victoria nimelijua kwa makatazo yake kabla ya kulijua kwa uzuri wake. Tulikatazwa kuingia kwa sababu ya mamba, na tulikatazwa kwa sababu ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama penye maji yaliyotulia na magugu. Marehemu baba alikuwa na desturi ya kukagua miguu yetu jioni, na mguu uliokutwa na tope la ziwani ulikuwa na kesi ya kujibu. Wavulana walikwenda kuogelea kwa kujificha, nasi wasichana tulichota maji tukarudi. Mpaka leo maji yakinifika magotini mwili wangu wote unakaza, hata nikiona wazi kwamba mbele yangu hakuna kitu isipokuwa bata na watoto wa watu.

Sasa ninalea watoto katika nchi yenye maziwa zaidi ya 180,000, ambako kuogelea hufundishwa shuleni kama somo. Kipimo chao, ambacho nchi za Nordiki, yaani Ufini na jirani zake wa kaskazini mwa Ulaya, zimekubaliana, Mkubwa amekikariri: mtu atumbukie kwenye kina kirefu, aibuke, kisha aogelee mita 200, na kati ya hizo mita 50 awe chali. Wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, kwani kila Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakati watu wanapohamia kwenye vibanda vyao vya mapumziko kando ya maziwa na kuwasha mioto mikubwa ufukweni, baada ya sikukuu taarifa ya habari hutaja waliokufa maji. Kwa hiyo pale kwenye nyasi silindi mizigo tu. Ninahesabu vichwa. Kikipungua kimoja moyo unasimama, na kikiibuka tena ninaanza kuhesabu upya.

Jumamosi tulikwenda Suomenlinna, ile ngome ya visiwani Helsinki ambayo Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748 Ufini ilipokuwa chini yao. Kivuko kutoka Kauppatori, uwanja wa soko ulio kando ya bandari, huchukua kama dakika 15 na hupandwa kwa tiketi ileile ya basi na tramu, ndiyo maana kwetu ni matembezi yasiyoumiza mfuko. Watoto walikimbilia mizinga na mahandaki, nami nikatandika khanga juu ya boma la udongo lililoota nyasi. Baada ya muda Mkubwa akarudi peke yake, akafungua kopo, akachukua andazi.

"Mama, ni kweli kule Mwanza mamba walikuwa wanakamata watu?"

Kumbe baba yake alikuwa amemweleza. Nikamsimulia habari za jirani yetu aliyepoteza mkono akifua nguo, na za babu yake na ule ukaguzi wa miguu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, huku akichambua andazi vipande vidogo vidogo bila kula. Kisha akasema, "Kuusijärvi hakuna mamba. Mimi naweza kukaa na mizigo."

Nimefurahi kiasi cha kushindwa kueleza, lakini maneno haya ya pili nayo hayaniachi nilale, kwa kuwa sasa ninadaiwa. Nimeanza kutafuta kozi ya watu wazima ya msimu wa vuli, ikiwezekana kwenye bwawa la Itäkeskus, mashariki mwa Helsinki, lile lililochongwa ndani ya mwamba na ambalo hugeuzwa kuwa hifadhi ya raia wakati wa hatari. Bwawani kina cha maji huandikwa ukingoni kwa tarakimu, na mtu huona sakafu anayoikanyaga.

Jana, hata hivyo, imeingia barua ya ukarabati wa mabomba ya jengo letu, na tutalazimika kuhama kwa miezi kadhaa. Nyumba za kupanga karibu na shule ni chache, kitindamimba anaanza darasa la kwanza Agosti, na bado hatujui Oktoba tutakuwa tunaishi wapi.