Shimesikio Pekee Hazitoshi: Nilivyohakikisha Binti Yangu Anasikia Kila Neno

Shimesikio, vile vifaa anavyovaa masikioni mtu asiyesikia vizuri, hukuza sauti. Hukuza sauti ya mama, ya bodaboda, ya sufuria inayoanguka na ya mashine ya kusaga ya jirani, zote kwa pamoja. Binti yangu alipovalishwa za kwake akiwa na miaka mitatu, ndugu wengi waliona kazi imekwisha. Mjomba wake alimwita kutoka upande wa pili wa uwanja, mtoto asigeuke, akaniuliza kwa masikitiko: "Sasa dada, hizi mashine zina faida gani?"

Nikamwambia, "Kaka, msogelee kwanza."

Akaenda akachuchumaa karibu naye, akamwita kwa sauti ya kawaida, mtoto akageuka na kumkumbatia. Hilo ndilo ninalotaka wazazi wenzangu walijue. Kifaa kinafanya sehemu yake, lakini neno lisipofika masikioni likiwa na nguvu kuliko kelele, anachopata mtoto ni kelele iliyokuzwa. Kulifikisha neno ni kazi yetu sisi tunaosema naye.

Tunaishi Tabora mjini, upande wa Ng'ambo. Vipimo kamili alifanyiwa Dar es Salaam, na chati yake ya usikivu ndiyo iliyonionyesha nini cha kupigania. Mstari wa chati huonyesha sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia, kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwenye sauti nzito mstari wake unaanzia desibeli 50, kisha unateremka hadi 75 kwenye sauti nyembamba. Mtu akizungumza kawaida umbali wa mita moja, sauti yake ni kama desibeli 60. Kwa hiyo bila shimesikio alikuwa akipata irabu kwa mbali, lakini s, f na sh hazikumfikia kabisa. Fika, shika na pika kwake zote zilikuwa kitu kimoja. Na Kiswahili chetu kimebebesha mwanzo wa kitenzi mambo mengi: nani, lini, ndiyo au hapana. Mtoto asiposikia herufi moja ya mwanzo pale kwenye "sitaki", hajakosa herufi tu, amekosa maana.

Kila asubuhi, kabla ya chai, tunakagua vifaa. Naanza na betri. Za kwake ni namba 13, zile zenye stika ya rangi ya chungwa. Hufanya kazi kwa kuingiza hewa, kwa hiyo ukishabandua stika imeanza kutumika, hata ukiirudishia. Iache kama dakika moja au mbili ipate hewa ndipo uiweke, itadumu vizuri zaidi. Betri moja kwetu inakwenda wiki moja hadi mbili. Tunaagiza Dar, zinakuja na basi, na tumezoea kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Zilizokwisha nazifungia mbali, maana mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni, na mtoto akimeza betri ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Halafu nampima kwa sauti sita: aa, uu, ii, mm, sh, s. Kipimo hiki kilibuniwa na Daniel Ling, mtaalamu aliyefanya kazi Canada, na sauti hizo zilichaguliwa kwa sababu zinagusa sauti za maneno kuanzia nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Hakihitaji mtambo wowote. Nasimama nyuma yake asinione midomo, natamka moja moja, sikio moja kwa wakati. Alipokuwa mdogo alidondosha karanga kikombeni kila aliposikia. Siku hizi anarudia alichosikia. Nabadilisha mpangilio, na mara nyingine nanyamaza kidogo kuona kama anakisia.

Asubuhi moja ya Oktoba, joto letu la Tabora likiwa limepamba moto, alirudia zote isipokuwa s, tena sikio la kushoto tu. Betri ilikuwa mpya. Nikatoa kile kiziba laini kinachokaa ndani ya sikio, nikakielekeza dirishani: ndani ya mrija wake kulikuwa na tone la jasho, dogo kama chembe ya chumvi. Nikakitenganisha na mashine, nikakipuliza kwa kile kipira tulichopewa, nikakirudisha. "Sss," akasema, akaendelea na uji wake. Bila kipimo kile angekwenda shule akiwa amevaa, kila mtu akiamini anasikia, kumbe sikio moja limepoteza s. Tangu siku zile usiku tunaacha milango ya betri wazi na kulaza shimesikio ndani ya kopo lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kiziba kikianza kupwaya mashine inapiga mluzi, hasa mtoto akitafuna. Wapo watakaokushauri upunguze sauti. Usikubali. Ukipunguza, mluzi unaisha na maneno yanaisha nayo. Masikio ya mtoto mdogo yanakua haraka na kiziba kinaweza kumbana au kumpwaya ndani ya miezi michache, kwa hiyo fedha ya kiziba kipya tunaiweka pembeni mapema kama tunavyoweka ya ada.

Umbali ndio adui niliyempa uzito kuliko wote. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua karibu desibeli 6. Toka nusu mita nenda mita moja, halafu mbili, halafu nne: umeshapoteza 18, na kwa mtoto kama wangu hapo neno limekwenda. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna kuitana kutoka chumba kingine. Bibi yake, aliyezoea kuita akiwa jikoni uani, alikuwa wa kwanza kubadilika. Akawa anakuja, anakaa naye mkekani, anamwambia neno kwanza halafu ndipo anamwonyesha kitu chenyewe, ili sikio lifanye kazi kabla ya jicho. Redio inazimwa wakati wa kula, kwa sababu chakulani ndipo familia inapoongea kweli.

Mvua ni habari nyingine. Kuanzia Novemba hadi Aprili, bati lisilo na silingi linameza hata sauti ya mtu mwenye masikio mazima. Fedha ilitosha kuweka silingi chumba kimoja, tukachagua sebule, na tukatundika mapazia mazito na mikeka ukutani kupunguza mwangwi. Mvua kubwa bado inatushinda. Ikinyesha tunasogeleana uso kwa uso.

Shuleni niliingia kwa kuomba. Mwalimu wa darasa la kwanza nilimweleza mambo matatu: mtoto akae mbele, mbali na mlango, asimwambie kitu huku ameelekea ubaoni, na mwanafunzi wa nyuma akijibu, mwalimu arudie jibu lile kabla ya kuendelea. Hilo la tatu lilimsaidia kuliko mawili ya kwanza, na mwalimu mwenyewe aliniambia darasa zima lilikuwa halisikii majibu yale. Makelele makubwa yalitoka kwenye madawati yakiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Tukakusanya ndala zilizochakaa, fundi seremala akazikata vipande akavipigilia chini ya miguu ya madawati. Darasa lilitulia siku ileile.

Baadaye tulipata kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu anakivaa shingoni, kama shubiri moja chini ya kidevu, nacho kinapeleka sauti yake moja kwa moja kwenye shimesikio. Wataalamu hushauri sauti ya mwalimu iizidi kelele ya darasa kwa angalau desibeli 15, na darasa lenye watoto wengi huwezi kuipata tofauti hiyo kwa kupaza sauti tu. Tulikubaliana akitoka nje anakizima, mazungumzo ya walimu yasimfikie mtoto.

Nimewahi kuulizwa kwa nini sikumpeleka moja kwa moja shule ya viziwi, hali mji wetu umekuwa nayo tangu 1963. Naiheshimu sana. Binti yangu anajifunza lugha ya alama kwa dada mmoja jirani yetu aliyesoma huko, maana akiwa anaoga, akilala au betri ikifa katikati ya somo, anahitaji lugha isiyotegemea mashine. Wapo pia watoto ambao shimesikio haziwasaidii kabisa. Kwa baadhi yao Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Wangu masikio yake yana kitu cha kufanyia kazi, na sitakubali kipotee kwa uzembe wa watu wazima.

Mwakani anaingia darasa la tatu, na chumba chake kinapakana na barabara ya malori. Nimeshamwomba mwalimu mkuu abadilishe vyumba, akaniahidi atalipeleka kwenye kamati ya shule. Kikao ni mwezi ujao, nami nitahudhuria na chati yake mkononi.