Makro naanzaga na uamuzi, grafu zitaitwa zenyewe

Kwa miaka kadhaa nimefundisha makro, yaani uchumi wa nchi nzima kwa ujumla, ya mwaka wa kwanza vile vile nilivyofundishwa mimi, yaani wiki ya kwanza maana ya Pato la Taifa, ya pili mfumuko wa bei, inafuata ajira, halafu grafu za mahitaji jumla na ugavi jumla, na sera zinakuja mwisho kabisa wakati watu washachoka na kila mtu anawaza mtihani. Wanafaulu, siyo kwamba hawafaulu. Ila ukikutana na mmoja miezi sita baadaye ukamuuliza benki kuu ikipandisha riba nani anaumia na inaumaje, anakuangalia tu. Hii ilikuwa inaniuma sana, maana wengi wao hawasomi tena uchumi baada ya kozi hii moja, na hicho ndo kitu ningetaka waondoke nacho.

Kwa hiyo nikageuza. Siku ya kwanza hakuna fasili, hakuna slaidi hata moja. Nagawa karatasi na ubaoni naandika hivi: ni Septemba 2021, Uturuki, mfumuko wa bei uko karibu asilimia 20, riba ya benki kuu ni asilimia 19, Rais Erdoğan anashikilia kwamba riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko wa bei kwa hiyo ishushwe, na benki kuu inaanza kushusha. Andika mwaka mmoja mbele bei zitakuwaje, na andika inapitia wapi mpaka kufika huko. Dakika kumi, simu zinakaa kwenye begi.

Wengi wanaandika mstari mmoja, bei zitapanda kwa sababu watu watakopa sana. Wachache wanaandika zitashuka, kwa sababu mfanyabiashara akilipa riba ndogo gharama zake zinapungua na atauza kwa bei nafuu. Sasa hapa naomba walimu wenzangu tusikilizane, huyu wa pili asichekwe. Hoja yake ina kichwa na miguu, riba kweli ni gharama, swali ni ipi kati ya hizo nguvu mbili ina uzito zaidi, na ukimnyamazisha siku ya kwanza atakaa kimya mpaka semista iishe. Mi nawaachia wabishane. Na karibu kila mwaka anatokea mmoja wa viti vya nyuma anauliza, "mwalimu, na wale wenye hela zao benki je, si watazitoa wanunue dola?" Hapo ndo naanza kuchora mishale ubaoni. Riba inashuka, watu wanaikimbia sarafu, sarafu inaanguka, vinavyonunuliwa nje vinapanda bei, mafuta yakiwemo, na upandaji huo unasambaa kwenye kila kitu. Mshale wa sarafu haukuwa kwenye karatasi ya mtu, umezaliwa kwenye ubishi, na mwanafunzi hausahau kwa sababu ameuomba yeye.

Halafu nawapa namba. Kufika Disemba 2021 riba ilikuwa imeshushwa mpaka asilimia 14, lira, sarafu yao, ilikuwa imeporomoka vibaya na mfumuko wa bei uko kama asilimia 36. Oktoba 2022 riba ni 10.5, mfumuko umepita asilimia 85. Darasa linanyamaza kidogo, na kile kimya nakitumia kuuliza: je asilimia 10.5 ni riba kubwa au ndogo? Wengi wanasema kubwa. Basi nawaambia umekopa 100 leo, mwakani unarudisha 110 na nusu, lakini kitu ulichokinunua kwa ile 100 sasa kinauzwa 185, nani kamlipa nani? Riba halisi, yaani riba ukishatoa mfumuko wa bei, imeeleweka hapo hapo, bila mimi kuitaja jina. Jina nalitoa baadaye.

Lakini siwaachi wakaondoka na ushindi rahisi, hapa ndo kazi yenyewe ilipo. 2022 kulikuwa na vita ya Ukraine na nishati ilipanda bei dunia nzima, kwa hiyo utasemaje kwamba ni riba tu? Nawarudisha kwenye karatasi zao watafute namna ya kutenganisha. Jibu wanalolifikia ni kulinganisha na wengine waliopigwa na kishindo hicho hicho: Marekani mfumuko ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, nchi zinazotumia yuro zilifika 10.6 Oktoba mwaka huo. Siyo ushahidi uliokamilika, nchi hazifanani, ila mtoto wa mwaka wa kwanza ameanza kufikiri kama mtafiti na hajafika hata wiki ya pili. Na ukiongeza kwamba kuanzia Juni 2023 Uturuki wenyewe waligeuza mwelekeo wakapandisha riba mpaka asilimia 50 ilipofika Machi 2024, wana hadithi yenye pande mbili ya kuifuatilia.

Mfano mwingine naupenda kupita kiasi, huu wa ushuru wa forodha wa Trump. Robo ya kwanza ya 2025 makadirio ya kwanza yalisema uchumi wa Marekani umenywea asilimia 0.3 kwa kiwango cha mwaka, yaani kama kasi ya robo ile ingeendelea mwaka mzima, na kila taarifa ya habari ikasema ni kwa sababu bidhaa za nje ziliingia kwa wingi, kampuni zilikimbilia kuagiza kabla ushuru haujaanza. Mwanafunzi anaangalia ile kanuni ya Pato la Taifa, matumizi ya watu jumlisha uwekezaji jumlisha serikali jumlisha mauzo ya nje toa manunuzi ya nje, anaona alama ya kutoa, anahitimisha kwamba kununua nje kunakula uzalishaji wa ndani. Hili kosa liko kila mahali, hata wanasiasa wanalo. Namwita mmoja ubaoni, namwambia kampuni imeagiza mashine ya 100 kutoka nje, iandike. Anaandika uwekezaji juu 100. Namwambia endelea. Manunuzi ya nje juu 100, toa. Jumla? Sifuri. Anasimama na chaki mkononi anaitazama ile sifuri, na unaona kabisa kitu kimeingia: ile alama ya kutoa ipo ili kuondoa kitu ambacho tulishakihesabu kwenye uwekezaji ilhali hakikutengenezwa nyumbani, basi.

Sasa linakuja swali zuri zaidi, kama ni sifuri mbona namba ilishuka? Hapo tunaongelea stoo, kwamba mzigo unaonekana mara moja ukipita forodha lakini ukishaingia kwenye maghala si rahisi kuupima wote kwa wakati, na tunaongelea matumizi ya watu na ya serikali kuu yaliyokuwa yamelegea robo ile. Halafu nawaonyesha kwamba makadirio ya tatu yalibadilisha ile 0.3 ikawa 0.5. Wanashtuka kweli. Hawakujua Pato la Taifa huwa linarudiwa kuhesabiwa, walidhani ni kama matokeo ya mechi.

Uingereza Septemba 2022 naipitia haraka: tarehe 22 benki kuu inapandisha riba kupoza uchumi, tarehe 23 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng anatangaza kupunguza kodi kwa kiwango kikubwa bila kuonyesha hela itatoka wapi, na tarehe 28 benki kuu ile ile inalazimika kununua hati fungani za serikali, yaani hati za madeni yake, kutuliza soko. Siku saba, sera ya fedha na sera ya bajeti zinavutana kamba mbele ya macho yao.

Shida zipo. Habari mpya zinavuta siasa, na darasa lina watu wenye vyama na mapenzi yao, kwa hiyo nawalazimisha watenganishe "nini kitatokea" na "mi nataka nini", kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Nyingine, kisa cha wiki iliyopita hakina matokeo bado, ukijaza kozi na vya hivyo unabaki na maoni matupu. Kwa hiyo vingi nachagua vyenye miaka miwili mitatu nyuma yake, na kimoja tu kilicho hai. Hicho kimoja wanaandika utabiri wiki ya pili, unaingia kwenye bahasha, tunafungua kipindi cha mwisho.

Mwaka jana tulipofungua kuna binti utabiri wake uligonga namba kabisa, wenzake wakampigia makofi. Yeye alikuwa anasoma mstari wa chini, ile njia aliyoiandika miezi mitatu nyuma. Akasema, "mwalimu, namba nimeipata lakini mshale huu wa katikati hauendi popote." Akaomba karatasi nyingine, akakaa baada ya kipindi kuuchora upya.