Kioo kidogo kuliko punje ya mchele

"Na ile ngalawa yako ya kabatini, nayo ni mfano tu?"

Tangu Jumapili maneno haya ya baba mkwe yamenikaa kooni kama mwiba wa changu. Nimepika nayo, nimepanda nayo tramu. Mke wangu Jana ameanza kazi mpya, boila imekufa na kufufuka, ila mimi namsikia mzee tu.

Mnamjua: mstaafu wa kiwanda cha magari ya Škoda cha Mladá Boleslav, huku Ucheki, na lile kabati lake la vioo. Humo ndimo ilimo Škoda 130 RS, mfano wa gari la mashindano, kipimo cha 1 kwa 43, inaenea kiganjani. Mwanetu Baka aliitaka, nikamfungulia mimi. Hazikupita dakika tano, kioo cha pembeni kikang'oka.

"Samahani, baba. Lakini si mfano tu?"

Ndipo akanijibu vile, kwa sauti ya chini. Heri angefoka.

Ngalawa ile aliichonga marehemu babu, Tanga, kwa mti wa mwembe. Haiguswi. Hata Jana hufuta vumbi akiizunguka. Mzee alijua pa kunipiga.

Jumatano nikarudi na gundi na kibano. Tukainama mezani kama madaktari. Akaanza kunieleza, kwanza kwa kununa, kisha akajisahau: injini nyuma, cc 1289 tu, paa na milango alumini, boneti faibaglasi, gari liwe jepesi. Mbio za rali za Monte Carlo mwaka 1977, dereva Blahna na msaidizi wake Hlávka wakashinda daraja la injini zisizozidi cc 1300, na kwa jumla wakawa wa 12. Hiyo "wa 12" aliitamka kama wengine wanavyotamka "wa kwanza". Mwaka 1981 gari la aina hiyohiyo likaipa Škoda ubingwa wa watengenezaji Ulaya, kwenye mbio za magari ya saluni.

Kioo kimeshika, ila kimekwenda upande. Nikataka kukinyoosha.

"Kiache. Gari la mashindano halirudi na vioo vyote."

Halafu, bila kunitazama: "Ile ngalawa, mbele ni wapi? Tangu harusi yenu naiangalia, naona aibu kuuliza."

Nilicheka mpaka gundi ikanigandisha vidole. Nikamchorea kwenye risiti: omo, yaani mbele, huku, tezi, yaani nyuma, kule, na matengo yake, yale magogo ya kuizuia isipinduke, ubavuni. Ameikunja, ameitia kabatini, chini ya 130 RS.

Mama hapokei simu tangu juzi. Dada anasema ni chaji. Siku mbili, chaji gani hiyo?