Zamu ya Kumi

Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Chicago na shahada, kofia ya buluu na mapenzi ya besiboli. Kisumu nzima hakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo, basi mzigo ukaniangukia mimi. Jioni, uani kwake Migosi, alipanga kandambili chini badala ya besi, akanionyesha jinsi mpigaji anavyotoka nyumbani, akazunguka besi tatu, akarudi nyumbani, na kila anayerudi ni alama moja. Dada zetu walicheka wakasema hiyo ni raunda tu, ile waliyocheza shule ya msingi. Aliwanunia siku nzima.

Timu yake ilikuwa Chicago Cubs, na mara ya mwisho wao kutwaa ubingwa ilikuwa 1908, miaka michache tu baada ya reli kufika hapa ziwani. Kila Oktoba alitikisa kichwa na kusema, "Mwakani."

Mwaka 2016 walikuwa moto. Walimaliza msimu wa kawaida na ushindi wa michezo 103, lakini yeye hakuuona mwisho huo. Alifuatilia matokeo kwenye simu akiwa wodini, na mwezi wa Agosti tukamzika. Padre alihubiri juu ya Waebrania sura ya 11, wale waliokufa katika imani kabla ya kupokea walichoahidiwa, wakakiona kwa mbali. Nilikasirika. Niliona ni faraja gani hiyo, kumwambia mjane kwamba mumewe aliondoka mikono mitupu? Tangu siku hiyo nilienda Misa kwa sababu ya Mama tu. Tukifika mwisho wa Nasadiki, penye ufufuko wa wafu, nilifunga mdomo.

Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tulikuwa kanisa kuu la Kibuye, bahasha za majina ya marehemu zikiwa zimerundikwa mbele ya altare. Usiku nililala kwa shemeji, maana asubuhi binti yao alikuwa na siku ya mwisho ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mimi ndiye wa kumpeleka. Saa tisa usiku, kwetu ikiwa tayari tarehe 3, Cubs walianza mchezo wa saba, wa mwisho, wa fainali ya ubingwa dhidi ya Cleveland. Nilikuwa nimenunua bando. Sikuwa shabiki hasa. Niliona tu kwamba mtu wa nyumba ile lazima awe macho.

Zamu ya nane kati ya tisa Cubs walikuwa mbele 6-3, wamebakisha wapigaji wanne tu wa Cleveland kuwatoa ili washinde. Cleveland wakapata moja, kisha Rajai Davis wao akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, wakarudi nyumbani wawili. 6-6. Nikavua spika za masikioni. Niliujua mwendo ule. Hospitalini nako tulikuwa tukiongoza, Jumatatu anakula uji, Jumatano anatembea hadi dirishani, halafu simu ya usiku.

Zamu ya tisa iliisha bila mshindi, na mvua ikaanza kunyesha Cleveland. Huku jua lilishatoka, shemeji anamimina chai, binti kavaa sare na daftari la dini mbele yake.

"Baba mdogo, mbona wamenyamaza?"

"Wanangoja mvua ikatike."

"Ikikatika?"

"Wanaendelea walipoachia."

Akafikiri kidogo. "Baba angezima simu?"

Shemeji alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. "Baba yako? Huyo angengoja mpaka Krismasi."

Ndipo Waebrania waliponirudia, bila hasira. Nilimwona kaka katika zile Oktoba zake zote, akishindwa na bado akifurahi, akihesabu wachezaji wa mwaka ujao kwa vidole. Hakuwa mtu aliyedhulumiwa. Kungoja kulikuwa sehemu ya furaha yake, na mimi nilikuwa nimemhurumia kwa kitu ambacho yeye hakukilalamikia.

Mvua iliwasimamisha dakika 17. Mchezo uliporudi tulikuwa kwenye bodaboda, tumebanana mishikaki, spika moja sikioni mwangu na nyingine mwake. Ben Zobrist wa Cubs akaupiga kando ya mstari wa kushoto: 7-6. Miguel Montero akaongeza: 8-6. Getini tulikuta foleni ya watahiniwa, na Cleveland bado walikuwa na zamu yao.

"Utaniambia mchana," akasema, akanirudishia spika, akaingia.

Cleveland walipata moja zaidi. Halafu mpira mwepesi ukabingirika, Kris Bryant akaudaka huku mguu unateleza, akamrushia Anthony Rizzo, na mpigaji wa mwisho akatolewa. 8-7. Nilipiga kelele hadi askari wa mtihani akanijia.

"Wewe mzee, watoto wana mtihani!"

"Cubs wameshinda, afande."

"Ni wa ligi gani hao?"

Sisemi Mungu aliwapendelea Chicago. Cleveland walikuwa wakisubiri tangu 1948, na bila shaka nao walipiga magoti. Mchana nilimweleza binti kila kitu, naye akataka nirudie pale Bryant alipoteleza.

Jumapili hiyo Kibuye tuliimba Nasadiki, na penye ufufuko wa wafu sikufunga mdomo. Shemeji aligeuka kunitazama, maana mimi naimba vibaya sana.